Gari la msaada tumepewa. Mafuta je, nani anunue?

#1 Korongo Kavu
Wakuu, salaam. Mwenye povu ruksa kumwaga, ila ukimaliza povu acha na wazo.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha kujitolea hapa Arusha mjini. Tuna manesi wawili, mganga mmoja, dereva, na sisi wengine wabeba maboksi. Mara moja kwa mwezi tunakwenda Ketumbeine na Gelai, wilaya ya Longido, kufanya kliniki ya mkoba: kupima wajawazito, kuchanja watoto (chanjo tunapewa na halmashauri), kusafisha vidonda, kuangalia macho na presha za wazee. Hatutozi hata shilingi.

Miaka mitatu iliyopita tulipewa gari, Land Cruiser mkonga. Stika ya mfadhili mlango wa kushoto, nyingine mlango wa kulia, ya tatu kwenye boneti. Siku ya makabidhiano kulikuwa na utepe, keki na mbuzi. Tangu siku hiyo nimeandika barua saba kuomba mafuta na tairi, kwa watu tofauti tofauti. Wote wananijibu kwamba taratibu zao haziruhusu gharama za uendeshaji. Wa mwisho akaniuliza kama tungependa gari la pili!

Kwenda na kurudi ni kama kilomita 290 na mizunguko yake, zaidi ya nusu ni vumbi na mawe. Dizeli lita 42 mpaka 45. Mwezi uliopita hela ikakata, na tairi zimebaki vipara. Akina mama walitungoja chini ya mgunga toka asubuhi. Mtandao kule unapatikana ukipanda kilima, kwa hiyo habari kwamba hatuji haikuwafikia.

Nisaidieni kuelewa: mtu anatoa zaidi ya milioni mia moja kwa mpigo, halafu laki na nusu ya kila mwezi inamshinda. Kwa nini?

#2 Chalii wa Sakina
Ngoja wajuzi waje. Naweka kambi hapa. Huyo mbuzi wa makabidhiano alilipwa kwa fungu gani?

#3 Mangi wa Kibosho
Mleta mada, mbona jibu unalo. Gari linapigwa picha. Lita 45 za dizeli utazipigaje picha, umeshika dumu? Mfadhili naye ana watu anaowaripotia huko kwao, na wao wanataka kuona kitu kinachong'aa.

#4 Mhasibu Mnoko
#3 hiyo ni nusu tu ya jibu. Nimekagua hesabu za miradi miaka kumi na mbili, nitasema msichopenda kusikia. Gari lina namba ya chesisi na kadi, mkaguzi anakuja analigusa. Lita za dizeli zikishamwagwa kwenye tangi nani atazigusa? Kitu kinachoibwa kirahisi kuliko vyote kwenye miradi ya afya vijijini ni mafuta, baada yake posho. Nimeona risiti ya lita 90 iliyoandikwa kwa pikipiki. PIKIPIKI. Mfadhili akishaumwa mara mbili anajifungia kwenye kununua vitu.

Na magari ya DFP (namba za miradi ya wafadhili) yanayopaki baa Ijumaa jioni tumeyaona sote, tusidanganyane.

#5 Korongo Kavu
#4 Mkuu, daftari letu la safari lipo, kila kilomita imeandikwa na dereva anasaini. Karibu ulikague, chai ipo.

#2 mbuzi tulichanga wenyewe.

#6 Spana Kumi na Saba
Mimi fundi, gereji yangu iko Unga Limited. Nyie mnapigia kelele mafuta, gari linauawa na sevisi. Hayo magari ya misaada yananifikia yamechelewa. Injini ya 1HZ ngumu kufa, lakini oili isipobadilishwa na filta ya hewa ikijaa lile vumbi jeupe la Longido, kwisha habari. Bushi, shokapu, springi, ndiyo zinazokula hela. Nina moja hapa uani la kikundi kimoja (sitakitaja), mwaka wa pili sasa linasubiri pampu. Kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Gari la kwenda kule lipigiwe hesabu kwa kilomita: mafuta, oili, tairi, spea, dereva, na akiba ya kununua jingine hili likichoka. Hela yako ya kweli ni zaidi ya mara mbili ya hiyo laki na nusu.

Kuna shirika linaitwa Riders for Health, lilianzishwa na watu wa mbio za pikipiki, mmoja Mmarekani Randy Mamola. Miaka ya 1980 walikwenda Somalia wakakuta pikipiki za afya zimelala zimekufa na bado mpya, kwa kukosa matunzo tu. Wakaanza utaratibu ambapo wizara au mradi unalipa kiasi fulani kwa kila kilomita, wao wanatunza chombo. Huduma inafanywa kabla hakijaharibika.

#7 Nesi Mstaafu
Hamjambo wanangu. Nilikuwa nesi mkunga miaka 34, sehemu kubwa Simanjiro.

Mnazungumzia magari kama vile mgonjwa yuko barabarani anangoja. Darasani tulifundishwa kuchelewa kwa aina tatu: mama kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Gari linatibu huo wa pili tu. Nimepokea mama aliyeletwa kwa gari zuri sana usiku wa manane, kituoni hakuna damu wala daktari wa kupasua, tukamtazama. Na nimemfuata mwingine bomani, gari liko mlangoni na tangi limejaa, tukakaa saa nne nzima tukingoja mume wake arudi kutoka mnadani aseme ndiyo.

Kwa hiyo mimi fedha hiyo ningeiweka kwa watumishi kwanza.

#8 Chalii wa Sakina
Shikamoo mama. Huyo mume alirudi?

#9 Nesi Mstaafu
Marahaba. Alirudi. Mtoto yuko kidato cha pili sasa. Mama yake naye yupo.

#10 Engaruka Juu
Mimi mzaliwa wa huko mnakokwenda na hizo maboksi. Tunashukuru, ila niwaambie ukweli. Mnakuja mara moja kwa mwezi, mimba haijui tarehe zenu. Mke wa kaka yangu alishikwa na uchungu siku tatu baada ya kliniki. Tukamfunga kwenye toyo (pikipiki) katikati ya dereva na dada yake, mpaka barabarani ambako magari ya mnada yanapita. Nauli ya toyo ilikuwa elfu sitini usiku ule. Tukauza kondoo kwa bei ya kutupa kwa jirani, ili jirani atoe hela taslimu.

Hiyo hela ya gari lenu, mngeiacha kwa mtu kijijini awe analipa nauli tu, ingekwenda miaka mingapi?

#11 Noah ya Himo
#10 pole kiongozi. Hicho unachosema kipo tayari, kinaitwa m-mama. Mimi ni dereva jamii, nimesajiliwa na Noah yangu. Mama mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42, au kichanga, akipata dharura wanapiga 115, bure. Kituo cha simu kinauliza dalili, kikiona gari la wagonjwa liko mbali kinanipigia mimi. Nikimfikisha, hela inaingia kwenye simu. Kuufanya mpango huu wa nchi nzima Rais Samia alizindua Aprili 2022, kabla ya hapo ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, Vodafone Foundation wakiwemo.

Wazo lao zuri kwa sababu hawakununua magari. Walitumia yaliyopo, wakalipa safari. Gari langu likiharibika ni shida yangu na fundi wangu.

#12 Mangi wa Kibosho
Noah ya Himo kwa tope la juu Kilema mwezi wa nne? Unatania.

#13 Noah ya Himo
#12 nakutana nao barabara kuu, Mangi. Juu huko vijana wanamshusha kwa machela. Mnajifanya hamjui.

#14 Korongo Kavu
#11 asante kwa darasa. Lakini m-mama ni ya dharura, na ya mama na mtoto. Mzee mwenye presha hapigi 115. Mtoto wa miezi tisa anayedaiwa chanjo ya surua hana dharura yoyote, mpaka siku atakayoipata. Hao ndio tunaowafuata. Halafu rudi #1, sehemu ya mtandao.

#10 umenichoma. Sina jibu.

#15 Mtalii wa Nyumbani
Naendesha watalii. Arusha hii kuna magari ya kupasua pori yasiyohesabika, na mwezi wa nne na wa tano yamelala uani yanafunikwa maturubai. Kampuni zikiombwa gari moja moja kwa zamu, kikundi kama cha mleta mada hakihitaji kumiliki kitu. Dereva mwenyewe yuko nyumbani hana kazi, mpe posho ya chakula.

Oktoba 2024 tulivyojazana kwenye tamasha la Land Rover pale mjini, nilikuwa najisemea, msururu wote huu ungebeba chanjo leo...

#16 Spana Kumi na Saba
#15 mwezi wa nne na wa tano ndiyo masika, mzee. Magari yamelala kwa sababu hakupitiki. Hilo jina Korongo Kavu hulioni? Likijaa unakaa upande wa huku siku mbili unaangalia maji.

Na Land Rover usiziweke kwenye mada ya dharura tafadhali.

#17 Mtalii wa Nyumbani
#16 Nimekubali la masika. La Land Rover tutaonana gereji.

#18 Mangi wa Kibosho
Nirudi kwenye mada. Tunalialia wafadhili, wenyewe tunatoa nini? Kwetu mlimani hospitali za kanisa ziko kila kona, Kibosho, Machame, Kilema, Huruma kule Rombo. Wamisionari walianza, lakini watu walibeba mawe na mchanga kichwani. Kila boma kule Longido litoe mbuzi mmoja kwa mwaka, gari linatembea. Mfugaji mwenye ng'ombe mia mbili anashindwaje?

#19 Engaruka Juu
Mangi, ulikuwa wapi ukame wa 2021 na 2022? Hao ng'ombe mia mbili waliishia kuwa ngozi barabarani. Baba yangu alibakiwa na kumi na mmoja. Na nyie hospitali zenu mnazifikia kwa mguu kabla ya chai. Kwetu jirani tu yuko kilomita sita.

Halafu mnajisifu kuchangia. Mchaga huyu huyu anayetaka risiti ya kuchangia harusi?

#20 Mangi wa Kibosho
Risiti ni haki ya kila mwananchi 😂. La ukame nimelipokea, nilikosea kusema hivyo.

#21 Mjukuu wa Samunge
Kwani mmemsahau Babu wa Loliondo? Mwaka 2011 kikombe cha dawa kwa Mchungaji Mwasapila kilikuwa shilingi 500. Mia tano! Nauli ya kufika ndiyo iliwamaliza watu. Mjomba aliuza friji kwenda kunywa kikombe cha mia tano. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, wenye nazo wanashuka na helikopta. Watanzania hatushindwi kulipia usafiri wa tiba, tunalipia tukiamini mwisho wa safari tutapona. Labda hizo zahanati hazijawapa watu sababu ya kuuza friji.

#22 Nesi Mstaafu
#21 umesema jambo zito kwa njia ya utani. Waliacha dawa zao za kifua kikuu na za virusi wakaenda kunywa kikombe. Niliwazika baadhi yao. Tuishie hapo kwa hilo.

#23 Ndege Mnana
Barabara hamna, basi ruka. Mbona Arusha kuna Flying Medical Service, ndege ndogo zinatua kwenye viwanja vya majani umasaini zinafanya kliniki hizo hizo? Na Haydom kule Mbulu kuna kliniki wanazozifikia kwa ndege za MAF, shirika la kimisionari. Madaktari wanaoruka walianzishwa Kenya zamani sana, sisi bado tunabishania tairi.

#24 Mhasibu Mnoko
#23 marekebisho. AMREF, ndio hao madaktari wanaoruka, ilianza 1957 na makao yake ni Nairobi, sawa. Lakini mpango wenyewe ulichorwa 1956 huku kwetu, miguuni pa Kilimanjaro. Walikuwa madaktari watatu wa upasuaji: Michael Wood Mwingereza, Archibald McIndoe wa New Zealand, na Tom Rees Mmarekani. Wazo letu hilo.

Sasa la ndege. Gharama ya saa moja ya kuruka unaijua? Leseni, ukaguzi, rubani, mafuta ya ndege. Mleta mada anatafuta laki na nusu, wewe unampa ndege.

#25 Ndege Mnana
Sawa, asante kwa historia. Droni basi. Mwaka 2018 walirusha dawa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa, dakika 40.

#26 Chalii wa Sakina
Droni itapima presha ya bibi?

#27 Mama Kliniki
Nimesoma yote kimya kimya toka jana. Tulikuwa na kikundi upande wa Same, milimani. Sisi hata kufika kwenye tatizo la mafuta hatukufika. Gari la msaada lilitoka Ulaya, limetumika lakini zuri. Kufika bandarini, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na vingine juu yake. Msamaha kwa kazi za hisani unaombwa, lakini barua yetu ilizunguka ofisi tatu, kila ofisi inataka muhuri wa nyingine, na muda wote huo gharama za kuhifadhi gari zinahesabika kwa siku. Mwezi wa tano tulikuwa tunadaiwa hifadhi kuliko tulichokuwa nacho benki. Gari hatukulipata. Mfadhili akatuandikia kwamba amevunjika moyo na utawala WETU.

Tangu hapo nikasema sipokei chombo. Sasa tunakodi. Kuna kijana ana pikapu yake, tunamlipa kwa siku, mafuta juu yake. Hiyo inaandikika kwenye ombi la fedha kama gharama ya kliniki, na haigusi neno uendeshaji. Wanaikubali! Ni hela ile ile ikiwa na jina jingine.

#28 Mhasibu Mnoko
#27 hii ndiyo nondo ya uzi huu. Mleta mada, acha kuandika "mafuta na tairi". Andika "kuwafikia wajawazito na watoto 140, kituo fulani, siku moja", gharama moja nzima, na ndani yake weka ile hesabu ya fundi ya kilomita. Ukiandika mafuta, mimi mkaguzi naona wizi. Ukiandika mtoto aliyechanjwa naona kazi, na naweza kuhesabu kadi za kliniki.

#29 Korongo Kavu
#28 si ndiyo kudanganya huko kwa mlango wa nyuma?

#30 Mhasibu Mnoko
Hapana. Kudanganya ni lita 90 kwa pikipiki.

#31 Spana Kumi na Saba
Tatizo la kukodi, #27, ni kwamba kijana wa pikapu anajua bei ya masika na bei ya kiangazi. Na siku ya harusi kubwa huna gari.

#32 Mama Kliniki
#31 kweli, mwaka jana mwezi wa kumi na mbili alituacha akaenda kubeba viti vya kipaimara.

#33 Mjukuu wa Samunge
Hivi zile bajaji za wajawazito za 2010, enzi za Kikwete, zilikwenda wapi?

#34 Noah ya Himo
#33 hazikuwa bajaji, zilikuwa pikipiki zenye kitanda cha pembeni. Watu ndio walioziita bajaji. Mlimani zilikuwa mtihani, mama mwenye uchungu analala pembeni ya pikipiki kwenye mawe, na mvua juu.

#35 Mtalii wa Nyumbani
Wazo la mwisho halafu nalala. Wageni wanapanda Kilimanjaro kila mwaka kuchangishia mambo mbalimbali. GGM, mgodi wa dhahabu wa Geita, wana Kili Challenge yao ya VVU toka 2002. Mtu anayelala siku sita kwenye baridi kwa ajili ya kuchangisha haogopi neno dizeli, anaogopa wasomaji wa ripoti tu. Ukimwomba alipie safari moja, yenye tarehe na kijiji, atalipa. Nimebeba wageni wanaouliza "nikuachie nini cha maana", na sisi tunawapeleka kununua daftari na peremende za shule.

#36 Engaruka Juu
Peremende! Ndiyo maana meno ya wadogo zangu yameoza.

Ila bado hamjanijibu #10. Nauli kijijini au gari mjini?

#37 Nesi Mstaafu
Mwanangu, vyote vinahitajika, na ukitaka nichague nitachagua nesi anayelala kijijini kwenu. Lakini najua hutapenda jibu hilo kwa sababu naye atataka nyumba, maji na shule ya watoto wake.

#38 Engaruka Juu
Nyumba tutamjengea. Andikeni hapa kwamba nimesema.

#39 Mangi wa Kibosho
Imeandikwa. Risiti utapewa.

#40 Chalii wa Sakina
Mleta mada upo? Kliniki ya mwezi huu mnaenda au hamwendi?

#41 Korongo Kavu
Nipo, nilikuwa naandika upya ile barua kama #28 alivyosema. Kurasa nne zimekuwa moja na nusu.

Alhamisi tunakwenda. Dada mmoja humu ndani (hataki kutajwa) ametoa Noah yake mpaka Longido, lami hiyo haina shida. Pale tunachukua toyo tatu. Mganga atabaki, anasema mgongo wake una miaka 61. Mizani ya watu wazima tunaiacha, ya watoto inaning'inizwa tu, inabebeka.

#42 Nesi Mstaafu
Na chanjo? Safari ya toyo na jua lile?

#43 Korongo Kavu
Kisanduku kidogo cha kubeba begani, mama, kile cha barafu nne. Tukitoka saa kumi na moja alfajiri tunafika kabla ya jua kali, na tunaanza na watoto kabla ya mtu mwingine yeyote.

#44 Nesi Mstaafu
Barafu uzitoe kwenye friza uziache kwanza mpaka ukizitikisa usikie maji ndani. Ukizipanga zikiwa ngumu zitaua chanjo za pepopunda na homa ya ini.

#45 Spana Kumi na Saba
Korongo Kavu, njoo gereji Jumatano. Lile gari lenye kuku lina tairi mbili bado zina meno. Mwenyewe nimemuuliza leo, kasema bora zitembee. Zilizobaki tutazungumza.

#46 Chalii wa Sakina
Na mayai?

#47 Spana Kumi na Saba
Mayai ni ya fundi.